Mwanangu amepoa ghafla, na mjomba wake anatibiwa Mirembe. Je, amerithi?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina kijana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Alikuwa mchangamfu, mtu wa mpira na utani. Tangu mwaka jana amepoa. Anajifungia chumbani, wadogo zake hasemi nao, maksi zimeshuka, usiku halali. Bibi yake aliyemlea alipofariki hakudondosha hata chozi, alikaa anatazama tu kama mgeni. Nimewahi kumkuta anacheka peke yake. Mdogo wangu wa kiume, yaani mjomba wake, ni mgonjwa wa siku nyingi, huchomwa sindano ya kila mwezi hospitali ya akili ya Mirembe, na yeye alianza hivi hivi kwa kujitenga. Mwalimu anasema ni bangi, mama mkwe anasema ni mambo ya ukoo wetu tumpeleke kwa mganga, mume wangu anasema ni jeuri tu, dawa yake fimbo. Nimesoma kwamba kuna mwanasaikolojia wa Marekani aligundua ugonjwa huu huonekana usoni tangu utotoni. Ni kweli? Na nikimpeleka hospitali ya akili sitakuwa nimemharibia jina?

JIBU: Nzuri, mama, na poleni kwa msiba. Kwanza niweke sawa jambo moja: mimi ni mwanasaikolojia tiba, si daktari wa kuandika dawa. Kazi yangu ni kumsikiliza mtu, kumpima, na kumtibu kwa mazungumzo. Dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili, na mara nyingi mgonjwa mmoja tunamhudumia wote wawili.

Kwa hayo uliyoandika, hakuna anayeweza kusema kijana wako ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kupoteza mguso na uhalisia, ambao nadhani ndio wa mjomba wake. Atakayekuambia anajua kwa kusikia habari hizi tu, mganga au msomi, anabahatisha. Hata hivyo yapo mambo matatu kwenye maelezo yako yanayonifanya niseme apimwe mwezi huu, msisubiri shule zifungwe: masomo yameporomoka, usingizi umeharibika, na hali imeendelea tangu mwaka jana. Kutolia msibani sijakuhesabu humo, na nitakueleza kwa nini.

Huyo mwanasaikolojia uliyesoma habari zake, nadhani ni Elaine Walker wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Utafiti wake unavutia, ndiyo maana unasimuliwa sana, ila mara nyingi husimuliwa nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walitafuta familia ambazo mtoto wao mmoja alikuja kuugua skizofrenia ukubwani, na ambazo kwa bahati zilikuwa na filamu za nyumbani zilizopigwa watoto wakiwa wadogo, zile ambazo wazazi hupiga mtoto anapotambaa au anapokata keki ya siku ya kuzaliwa. Filamu zilipigwa miaka mingi kabla mtu yeyote hajajua nani ataugua. Wakakalishwa watu waliofundishwa kusoma nyuso, wakaonyeshwa mtoto huyo na ndugu zake waliokua salama bila kuambiwa yupi ni yupi, nao wakaandika kila tabasamu na kila uso ulionuna.

Hesabu zilipofanywa, wasichana waliokuja kuugua walikuwa wameonyesha furaha kidogo kuliko dada zao, na wagonjwa wa baadaye kwa jumla, wa kike na wa kiume, walikuwa na nyuso nyingi zaidi za huzuni au kutoridhika. Katika kazi nyingine ya timu hiyo hiyo, filamu zilionyesha pia mijongeo isiyo ya kawaida ya mikono kwa baadhi yao, hasa katika miaka miwili ya kwanza ya maisha.

Nusu inayoachwa ni hii. Tofauti ile ilionekana pale walipolinganisha kundi na kundi. Ukichukua mtoto mmoja, wako au wa jirani, ukamtazama anavyonuna, hujapata chochote, maana watoto kununa ni kazi yao ya kila siku. Utafiti haukuwa kipimo cha kutabiri. Walichojifunza watafiti ni kwamba ugonjwa unaolipuka mtu akiwa na miaka 20 huenda ulikuwa na mizizi midogo tangu mapema, halafu ukakaa kimya muda mrefu. Kwa hiyo usiende kupekua picha zake za chekechea. Najua wapo wazazi wanaofanya hivyo, na hawaambulii kitu isipokuwa kukosa usingizi.

Swali lililobaki kwa Walker likawa: kama mizizi ipo tangu utotoni, kwa nini ugonjwa usubiri ujana? Mwaka 1997 timu yake ilichapisha maelezo yanayounganisha udhaifu wa kuzaliwa nao na homoni za msongo. Mtu akipata msukosuko mwili humwaga homoni iitwayo kotisoli. Kiwango chake hupanda polepole katika miaka ya kubalehe kwa vijana wote, na kotisoli huingiliana na dopamini, kemikali ya ubongo ambayo dawa nyingi za ugonjwa huu huizuia. Tafiti zilizofuata, ambazo yeye alikuwa miongoni mwa viongozi wake, zilikuta vijana wenye dalili za awali wana kotisoli ya juu kuliko wenzao, hasa wale walioishia kuugua kabisa.

Lipo jambo jingine linalotokea ujanani ndani ya kichwa. Mtoto huwa na viunganisho vingi vya neva kuliko anavyohitaji, na kuanzia balehe ubongo huvipunguza ili vinavyobaki vifanye kazi vizuri. Watu wa Dodoma mtanielewa haraka: ni kupogoa mizabibu. Usipopogoa hupati zabibu za maana, na ukipitisha mkasi kupita kiasi mche unadhoofika. Mmarekani Irwin Feinberg alipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba katika skizofrenia kazi hii ya kupunguza huenda imekosewa ujanani. Wazo lilikaa miaka mingi likiwa wazo tu, hadi mwaka 2016 watafiti wa Boston walipoonyesha kwamba aina fulani za jeni (chembe ya urithi) iitwayo C4, inayohusika na kuweka alama kwenye viunganisho vya kuondolewa, huongeza kidogo uwezekano wa kuugua. Kidogo, nasisitiza. Hakuna jeni moja ya ugonjwa huu, na hakuna kipimo cha damu cha kukuambia ndiyo au hapana, hata ukienda India.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Sehemu za ndani zinazowasha hasira, hofu na aibu huwa zimekwisha changamka zamani. Ndiyo sababu kijana wa kawaida kabisa hubamiza mlango, hulia kwa jambo dogo, huona dunia nzima inamcheka. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo, mama: ugonjwa unaanza katika umri uleule ambao kila kijana amebadilika.

Sasa habari ya chozi. Mwanasaikolojia mwingine, Ann Kring wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, katika miaka ya 1990 yeye na wenzake waliwaonyesha wagonjwa wa skizofrenia na watu wasio wagonjwa vipande vya filamu, vingine vya kuchekesha, vingine vya kusikitisha au kutisha. Nyuso zao zilirekodiwa, wakaulizwa wamejisikiaje, na katika mojawapo ya tafiti hizo wakapimwa pia jasho la ngozi, ambalo hupanda mtu anaposisimka. Nyuso za wagonjwa zilikuwa zimepoa. Lakini walipoulizwa, walieleza hisia zilezile kama wenzao, na ngozi zao zilisisimka si chini ya za watu wasio wagonjwa, pengine zaidi. Hisia zilikuwamo, ila hazikufika usoni.

Kwa hiyo hata kama kijana wako angekuwa mgonjwa kweli, ule uso mkavu msibani usingemaanisha hakumpenda bibi yake. Na kama si mgonjwa, zipo sababu nyingine tele. Mtoto wa kiume tunamfundisha tangu akiwa na miaka mitano kwamba mwanaume halii, halafu siku ya mazishi tunamshangaa. Tena ni mjukuu aliyelelewa na marehemu. Mara nyingi wa namna hiyo hufa ganzi kwanza, chozi huja baada ya arobaini watu wakiwa wametawanyika. Unasema alianza kupoa mwaka jana. Je, bibi alikuwa ameshaanza kuugua wakati huo? Sikuelewa vizuri kwenye maelezo yako, na mtaalamu atakayemwona lazima aulize, maana huzuni ya kumuuguza mtu na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) kwa kijana huonekana vivyo hivyo: kujifungia, kukosa usingizi, maksi kushuka.

Kucheka peke yake nako kuchunguze kwanza bila hofu. Siku hizi kijana ana kisikizi kimoja sikioni ambacho hukioni, anacheka na simu. Ukishahakikisha hana simu na anacheka kama anajibu mtu, hilo ni jambo la kumwambia daktari. Na hata akikiri kusikia sauti, usianguke. Muhtasari wa tafiti za jamii uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto wapatao 17 kwa kila 100 wa miaka 9 hadi 12, na wapatao 7 au 8 kwa kila 100 wa miaka 13 hadi 18, huripoti mambo ya namna hii, kusikia au kuhisi visivyokuwepo. Kwa wengi wao hupita tu. Kinachotupa wasiwasi ni sauti zinazoendelea, zinazomtisha au kumwamrisha, zikiambatana na maisha kuporomoka.

Unaweza kumuuliza mwenyewe, na namna ya kuuliza ni nusu ya jibu. Usimwite sebuleni mbele ya baba yake ukamuuliza “unasikia sauti wewe?” Atasema hapana, na hutapata nafasi nyingine. Subiri mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, mnachambua mchicha au mnaanua nguo. Mwambie: “Mtu akikosa usingizi siku nyingi, wakati mwingine husikia kama anaitwa na hakuna mtu. Wewe imeshakutokea?” Kisha nyamaza. Akisema imetokea, muulize inasemaje na inamtisha kiasi gani. Usibishane naye kwamba haipo, na wala usikubali kwamba ipo. “Mimi siisikii, ila naona inakusumbua” inatosha kabisa.

Kuhusu mjomba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema, lakini hesabu za ugonjwa huu haziendi hivyo. Irving Gottesman, mwanasaikolojia wa Marekani, alikusanya tafiti za familia na mapacha zilizofanywa Ulaya kwa miongo kadhaa. Katika majumuisho yake ya mwaka 1991, mtu yeyote wa kawaida alikuwa na uwezekano wa takriban 1 kwa 100 wa kuugua maishani. Mwenye mjomba au shangazi mgonjwa, kama 4 kwa 100. Mwenye mzazi mgonjwa, kama 13. Pacha wa kufanana wa mgonjwa, karibu nusu, yaani hata mwenye damu ileile kabisa ana nafasi nzuri ya kutougua. Kwa hiyo mjomba ameongeza uzito kidogo kwenye mizani, na uzito huo unatosha kumfanya daktari asikilize kwa makini zaidi. Hautoshi kumwandikia mtoto hukumu.

Mwalimu wa bangi hajakosea kuuliza, amekosea kufunga jalada. Bangi na skizofrenia vina uhusiano wa kweli. Wasweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, na ripoti yao ya mwaka 1987 ilionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walikuja kuugua skizofrenia kwa kiwango kipatacho mara sita ya wasiovuta. Walioanza mapema na wenye ndugu mgonjwa ndio wenye hatari zaidi. Lakini wengi wanaovuta hawaugui, na wapo wanaoanza kuvuta kwa sababu tayari kuna kitu kichwani hakiwapi raha na wanatafuta pa kupumzikia. Muulize bila vitisho. Kama anavuta, kuacha ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote iliyo mikononi mwake, na hilo nalisema kwa uhakika zaidi kwa kijana mwenye mjomba kama wake kuliko kwa mwingine yeyote.

Sasa baba na fimbo yake. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo familia ina nguvu kuliko hospitali.

Zamani za daktari Freud, aliyetafuta chanzo cha magonjwa ya akili utotoni, na wafuasi wake, mama ndiye alibebeshwa lawama. Mwaka 1948 daktari mmoja aliyekuwa Marekani, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia kwa ubaridi na ukali wake, na kwa miongo miwili mitatu akina mama wengi waliumizwa na fundisho hilo. Limekwisha tupwa. Hakuna malezi yanayozalisha ugonjwa huu, wala yako hayakuuzalisha, kama upo.

Kilichobaki kikiwa na ushahidi ni kitu kingine: hali ya hewa ya nyumbani baada ya mtu kuugua. Mwingereza George Brown na wenzake London waliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliotoka wodini wakiwa nafuu walirudi haraka, na haikutegemea ukali wa ugonjwa peke yake. Wakaenda kuzungumza na familia, wakirekodi namna ndugu anavyomwongelea mgonjwa: ni mara ngapi anamlaumu, ana chuki naye kiasi gani, na je, amemkumbatia kupita kiasi, kumlisha, kumlilia, kumfuata kila hatua. Katika utafiti wao wa mwaka 1972, ndani ya miezi tisa waliorudi kwenye nyumba zenye moto huo walirudiwa na ugonjwa wapatao 58 kwa 100. Kwenye nyumba zilizotulia, 16. Matokeo hayo yamerudiwa katika nchi nyingi tangu hapo.

Angalia kwamba kumlilia na kumfuatafuata kumo kwenye orodha pamoja na kufoka. Akina mama wengi hudhani kosa ni la baba peke yake.

Kwa macho ya kawaida inakuwa hivi. Saa mbili usiku ugali uko mezani, kijana hajatoka chumbani. Nyumba ya kwanza, baba anapaza sauti ili asikike ukutani: “Mwite huyo bwana mkubwa, au anasubiri apelekewe? Wenzake wanasoma, yeye analala kama chatu.” Mama anaingia chumbani, anakaa kitandani, anaanza kulia: “Mwanangu, unataka kuniua?” Kijana hali, na usiku huo hata lepe la usingizi halimpati. Nyumba ya pili, mdogo wake anagonga mlango mara moja: “Kaka, chakula tayari.” Asipotoka, sahani inafunikwa. Kesho yake asubuhi baba anamwambia, “Jana hukula. Leo nataka unisaidie kumwagilia ile michungwa, nusu saa tu.” Nyumba ya pili bado ina sheria, na bado kijana ana kazi. Kilichopungua ni maneno.

Tuna hazina yetu katika hili, na tuitumie. Mtafiti wa Kimarekani Juli McGruder aliishi na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia Zanzibar katika miaka ya 1990, akaeleza jinsi baadhi yao walivyompokea mgonjwa bila kelele, wakiona ni mtihani wa Mungu, hawaulizi kila saa kwa nini hafanyi hiki wala kile, na siku akiamka vizuri hawafanyi sherehe. Siwasifu kwa kila kitu, maana nasi tuna minyororo na viboko vyetu, na sitaki kupamba. Lakini utulivu ule ndio tunaoutafuta kwenye vikao vya familia, na kwa wazee wengi wa huku kwetu hauhitaji kufundishwa, unahitaji kukumbushwa.

Kuhusu mganga na maombi, sitagombana na mama mkwe wako kwa barua. Mkitaka kuombewa, ombeni. Mipaka yangu ni michache na haina majadiliano: asifungwe, asipigwe, asinyimwe chakula, asinyweshwe dawa isiyojulikana, na safari hiyo isicheleweshe hospitali. Kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba, yaani ile hali ya kupoteza mguso na uhalisia, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Miezi inayopotea ndiyo hasara kubwa.

Hospitali sasa. Huna haja ya kuanzia Mirembe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Ukiambiwa uende Mirembe, nenda, na uingie kwa mlango wa kliniki ya nje kama anavyofanya mjomba wake. Ile hospitali ipo tangu mwaka 1927, na kwa bahati mbaya nchi nzima imegeuza jina lake kuwa tusi. Wanafunzi wenzake wakijua watamtania, sikufichi. Lakini asiyetibiwa akaja kuchanganyikiwa mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, jina lake litaharibika zaidi, na halitasafishika haraka. Si lazima umwambie mtu mnakokwenda. Mwambie mwenyewe kijana tu, tena ukweli: “Hulali na masomo yameshuka, twende tukajue sababu.” Usimdanganye kwamba mnakwenda kupima macho. Mtoto aliyedanganywa mara ya kwanza, mara ya pili haingii kwenye bajaji.

Siku hiyo watampima kwanza mwili. Wasipopima, omba. Malaria, kaswende, virusi vya Ukimwi, kifafa, tezi la shingo, hata uchovu wa kusoma usiku kucha, vyote vinaweza kumbadilisha mtu tabia. Kifafa cha aina fulani hakiangushi mtu chini, humfanya aduwae au acheke bila sababu, na ni rahisi kukosea. Kisha watazungumza naye peke yake, nawe peke yako. Wewe nenda na mambo yaliyoandikwa: lini aliacha mpira, maksi za muhula hadi muhula, analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, maneno ya ajabu aliyosema kama yalivyotoka mdomoni mwake. “Amebadilika” haimsaidii daktari. “Mwezi wa tano alizima redio akasema mtangazaji anamsema yeye” inamsaidia sana. Andika pia mjomba alianza akiwa na umri gani, na dawa ipi ilimfaa.

Huenda mkaambiwa ana dalili za awali tu, bado si ugonjwa kamili. Hilo ni kundi lililoanza kufanyiwa kazi kwa mpangilio Melbourne, Australia, miaka ya 1990, na timu ya Patrick McGorry na Alison Yung. Kwa vijana wa namna hiyo wanaofika kliniki, takriban robo ndio wanaopata saikosisi ndani ya miaka mitatu. Wengine hubaki na sonona au wasiwasi, wengine hupona kabisa. Kwao dawa za saikosisi si hatua ya kwanza. Tunaanza na mazungumzo, kurekebisha usingizi, kuondoa bangi, kupunguza msongo wa shule, na kumwona mara kwa mara.

Ikiwa ni saikosisi kamili, dawa atahitaji, na sipendi watu wanaowatisha wazazi kuhusu dawa. Tangu klopromazini ilipoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, hizi ndizo zilizowatoa watu kwenye kuta za hospitali. Zinapunguza vizuri sauti na dhana za kuwindwa. Kwa ubaridi na kujitenga zinasaidia kidogo, na hapo ndipo mazungumzo, kazi ndogondogo na familia vinapoingia. Kijana huanzishwa kwa kipimo kidogo. Jambo moja mlijue mapema: dawa kama haloperidoli huweza, katika siku za mwanzo, kumkaza shingo, kumpinda taya au kumgeuza macho juu. Inatisha, na ndipo familia nyingi husema jini limekasirika, wakatupa vidonge. Ni athari ya dawa, na hospitali wana sindano na vidonge vya kuituliza kwa muda mfupi. Mrudishe siku hiyo hiyo, dawa ibadilishwe au ipunguzwe. Usiikatishe mwenyewe kimyakimya.

Shule msiiache, ila ongea na mwalimu wa ushauri nasaha peke yake, apunguziwe masomo ya usiku. Kijana mwenye dalili hizi anahitaji saa nane za usingizi kuliko anavyohitaji mtihani wa majaribio wa Jumamosi. Akilazimika kurudia kidato, arudie. Mwaka mmoja si kitu.

Miadi inaweza kuchukua wiki kadhaa, na mkiwa mnasubiri yapo mambo ambayo hayasubiri. Akisema anataka kufa au ukakuta ameandika hivyo, sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, akikataa chakula kwa madai kwamba kina sumu, akikaa siku mbili bila kulala huku anazunguka na kuongea, au akichanganyikiwa huku mwili una homa au shingo imekakamaa, mpeleke saa hiyo hiyo idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, usiku au mchana, hata kama baba yake yuko safarini na hujampata kwenye simu. Hiyo ya homa hasa waambie mapokezi mlangoni kabisa kabla ya kutaja ukoo wala mjomba, maana malaria ya kichwani na homa ya uti wa mgongo huua haraka, na mtu akishasikia “ndugu yake yuko Mirembe” huweza kusahau kumpima.